Mkuu wa Usalama wa Jumamosi

Jumamosi, saa nne kasoro robo asubuhi, mkuu wa usalama wa taifa aliingia kwenye duka la miwani akiwa amekunja suruali kwa sababu ya matope, akaomba aonyeshwe fremu za bei nafuu. Mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Miwani, alimtolea tatu. Mkuu wa usalama alizijaribu mbele ya kioo, akasema zote zinamfanya afanane na bundi aliyefiwa, kisha akapanda ngazi kwenda chumba cha juu bila kununua kitu.

Hakuwa mkuu wa usalama. Alikuwa mwalimu wa historia wa chuo kikuu, mgane, mtu wa maneno mengi na viatu vya siku zote. Ukuu wa usalama aliupata kwa kuchomoa kikaratasi ndani ya kofia, na alikuwa nao Jumamosi tu, mpaka saa saba mchana.

Chumba cha juu kilikuwa cha kupimia macho. Ubao wa herufi ulitundikwa ukutani, na mbele yake palikuwa na meza ndefu ambayo siku za kazi ilibeba mashine ya kuchongea lenzi. Simu zote zilibaki chini, ndani ya droo ya kaunta, na redio iliwashwa juu ya droo hiyo. Waliokutana hapo walikuwa watano, na wote walikuwa wamepimwa macho kweli na kuvaa miwani mipya, maana mtu akiulizwa anafuata nini dukani kila Jumamosi, sharti awe na kitu puani cha kuonyesha.

Aliyeongoza kikao cha siku hiyo aliitwa Jaji. Hakuwahi kuwa jaji, alikuwa mwanamke mhadhiri wa sheria, na wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu mtu hawezi kutamka jambo mbele yake bila kuulizwa, "Ushahidi?" Mwalimu wa historia alikuwa mume wa marehemu dada yake, shemeji yake wa siku nyingi, na Jaji ndiye aliyemleta katika kundi na kumdhamini.

Kazi ya kundi ilikuwa rahisi kuieleza na hatari kuifanya. Nchi ilikuwa na mtawala aliyekaa kitini tangu Jaji akiwa anajifunza kusoma. Watu walimwita Mkubwa, na siku hizi hakuonekana hadharani ila katika picha, tena picha zenyewe za zamani. Kundi halikupanga kumwondoa. Lilipanga Jumatatu itakayofuata baada ya yeye kuondoka, kwa kifo au kwa njia nyingine: nani atahakikisha umeme unawaka, mishahara italipwa na nani, redio itasema nini asubuhi ya kwanza, jeshi litapokea amri kutoka wapi, uchaguzi uitishwe baada ya muda gani. Kila msomi aliandika sura yake ya mpango huo. Kwa sheria za nchi ile, kuandika mambo hayo kulitosha kumfunga mtu mpaka wajukuu wake waote ndevu.

Sura ya Jaji ilihusu uchujaji: maofisa gani wa utawala wa zamani wabaki kazini, nani waondoke, na kwa utaratibu upi. Masharti yake aliyajua kwa moyo kwa sababu aliyaandika na kuyafuta mara nyingi. Mtu asiondolewe kwa tuhuma tupu. Aambiwe anachodaiwa na asikilizwe kabla ya uamuzi, na anayemshitaki asiwe miongoni mwa wanaoamua. Lakini atakayeficha uhusiano wake na Idara ya Usalama, huyo aondoke, hata kama hakumdhuru mtu.

Kila sura ilipitishwa kwenye zoezi. Mwandishi aliisoma, na wenzake walijifanya wale watakaoguswa nayo. Ndiyo maana palikuwa na kofia na vikaratasi.

"Haya, Mkuu," Jaji alisema. "Serikali ya mpito inakupa siku tatu ukabidhi ghorofa ya tatu ya Idara, pamoja na faili zote."

Shemeji aliegemea nyuma. Alipoigiza, sauti yake ilishuka ikawa ya upole, na upole huo ndio uliowatia watu baridi.

"Binti yangu, ghorofa ya tatu siku hizi ni kantini. Mtakabidhiwa masufuria."

Mama Miwani aliangua kicheko. Mtakwimu, mhadhiri wa takwimu aliyeandika sura ya uchaguzi, naye akacheka mpaka akashika mbavu.

"Faili ziko wapi basi?"

"Tulizipeleka gereji ya zamani. Paa likavuja. Sasa zimeanikwa kwenye korido kama kanga. Mkija, njooni na pasi."

"Na watu wako watatii?"

"Wangu hawaogopi jela. Jela wanaijua, wameijaza wenyewe. Wanaogopa nyumba." Shemeji aligonga meza kwa kidole. "Wengi wanakaa nyumba za Idara. Ukimwachisha mtu kazi leo, kesho magodoro yako nje na majirani wanachungulia. Huyo atakupiga vita mpaka mwisho, na siyo kwa ajili ya Mkubwa. Kwa ajili ya sebule yake. Mwandikie nusu mwaka wa kukaa ndani, atakuletea funguo mwenyewe, na chai atakunywesha."

Jaji aliandika. Haikuwa mara ya kwanza mkuu huyu wa kuigiza kumpa jambo linaloingia moja kwa moja kwenye sura. Alipoinua macho alimwona Mchumi akimtazama Shemeji bila kupepesa. Mchumi alikuwa mtu mwembamba mwenye ulimi wa wembe, na kwa kawaida yeye ndiye huwa wa kwanza kucheka.

Walipokuwa wakishuka kwa zamu, Mchumi alimshika Jaji kiwiko kwenye ngazi.

"Shemeji yako anaigiza, au anakumbuka?"

"Anaigiza vizuri. Kuna kosa?"

"Mimi niliigiza gavana wa benki kuu. Nilitunga, na mtu anayetunga hujikwaa. Jaji, mimi nilijikwaa mpaka mkanicheka. Huyu hajikwai. Kantini! Gereji! Mtu anatunga paa linalovuja?"

"Huo si ushahidi."

"Sawa, Mheshimiwa. Na Jumamosi ijayo wageni wangapi wanapanda ngazi hizi?"

Jibu wote wawili walilijua. Jumamosi ijayo, kwa mara ya kwanza, wangekuja watu wa ndani: mhandisi wa shirika la umeme, mkuu wa matangazo wa redio, na kanali wa ugavi jeshini ambaye ni binamu wa mke wa Mchumi. Walikuwa wamefikiwa mmoja mmoja, kwa mdomo, na hapakuwa na njia salama ya kuwaambia wasije. Kama ndani ya chumba kulikuwa na mtu wa Idara, watatu hao wangekwisha kabla ya chakula cha mchana.

"Wewe ndiye uliyemleta," Mchumi alisema. "Wewe ndiye wa kutuambia. Mimi nasema atoke. Na kama hujui utasemaje, sema anaumwa."

Jaji alikwenda nyumbani akiwa na mambo mawili kichwani, na alijitahidi kuyatenganisha: lile alilolisikia, na lile alilolihisi. La pili hakulipa nafasi. Lakini lilirudi kila alipomkumbuka Shemeji akigonga meza kwa kidole.

Jumanne jioni alikwenda nyumbani kwa Shemeji akijua hayupo. Alimkuta binti wa dada yake, muuguzi, akipiga pasi sare ya kazini.

"Karibu, Mama Mdogo. Leo umetukumbuka? Baba yuko chuoni."

"Najua. Nimekuja kukuona wewe. Na nataka tumwalike Baba yako chakula Alhamisi alasiri."

"Alhamisi hapatikani. Anakwenda kufundisha."

"Alhamisi hana kipindi chuoni."

"Siyo chuoni. Kuna watu wanamfuata na gari. Jeupe, lina mapazia." Binti alisimamisha pasi. "Mama Mdogo, mbona unaniuliza kama askari wa doria?"

"Kazi yangu, mwanangu. Imeniharibu."

"Basi mwulize mwenyewe. Mimi nikimwuliza anasema ni vibarua vya uzeeni." Alicheka, akageuza kola. "Lakini siku hizo anarudi na furaha. Mpaka anaimba bafuni. Nilidhani amepata mchumba."

Alhamisi, saa nane mchana, Jaji aliingia duka la dawa lililotazamana na nyumba ya Shemeji, akasoma maandishi ya kila chupa ya dawa ya kikohozi. Gari jeupe lenye mapazia lilifika baada ya muda mfupi. Dereva alishuka, akamfungulia Shemeji mlango. Mtu anayekamatwa hafunguliwi mlango namna ile, na anayelazimishwa hamgongi dereva begani kwa mzaha. Jaji alilipia chupa moja, akasimamisha teksi.

"Lile jeupe. Usilikaribie."

Dereva wa teksi alimtazama kwenye kioo. "Mume?"

"Shemeji."

"Ah! Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Gari halikuelekea mjini wala chuoni. Lilipita barabara ya miti, likafika kwenye ukuta mrefu wa rangi ya majivu usio na kibao, ukuta wa Idara, ambao kila mtu katika nchi ile aliujua kwa kutoutazama. Lango lilifunguliwa kabla gari halijapiga honi. Dereva wa teksi hakusema tena neno; aliongeza mwendo na kuomba alipwe kwenye kona inayofuata.

Jaji alikaa kwenye kibanda cha kuuza magazeti upande wa pili wa kona, akasoma gazeti lile lile mpaka mwenye kibanda akaanza kukohoa. Gari lilitoka baada ya saa moja na nusu. Shemeji alikuwa kiti cha nyuma, dirisha likiwa wazi, akieleza kitu kwa mikono miwili, na dereva alikuwa akicheka.

Sasa alikuwa na mambo manne aliyoyaona kwa macho yake, na alikuwa na siku moja. Jioni ile alimfikia Mchumi chuoni, wakasimama chini ya ngazi za maktaba kama wanaogombania vitabu.

"Umeona," Mchumi alisema. "Kwisha. Kesho asubuhi tunahamisha kila karatasi, na yeye hataambiwa kitu."

"Ataambiwa. Ataitwa kesho, aelezwe, ajibu."

"Jaji, sura yako ni ya nchi. Siyo ya chumba cha kupimia macho!"

"Kama haifai kwa watu watano, itafaa kwa watu milioni ngapi?"

"Itafaa siku ambayo hatutanyongwa kwa ajili yake." Alivuta pumzi. "Unamhurumia."

"Kama ningemhurumia nisingepanda teksi."

Ijumaa alasiri Mama Miwani alitundika mlangoni karatasi iliyosema mashine ni mbovu. Shemeji alipanda ngazi akitaniana naye, akawakuta wenzake upande mmoja wa meza na kiti kimoja tupu upande wa pili. Alisimama. Alikuwa mwalimu wa historia. Mpangilio wa viti aliusoma haraka kuliko wengine.

"Kumbe leo mimi ndiye sura," alisema, akaketi.

Jaji alianza kwa kujitoa. "Mimi ni ndugu yake na ni shahidi, sitaamua. Mchumi ndiye anayemshitaki, hataamua. Wanabaki wawili."

"Yaani mimi?" Mtakwimu alishituka.

"Wewe na Mama Miwani."

Kisha akasema alichokiona, bila kuongeza chumvi: gari, mlango, lango, kicheko. Aliposema "teksi", Shemeji aliinua nyusi.

"Ulinifuata, shemeji?"

"Nilikufuata."

"Ulijificha wapi?"

"Duka la dawa."

"Ulinunua nini?"

"Dawa ya kikohozi."

"Afadhali umepata kitu." Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Ni kweli. Kila Alhamisi nakwenda pale. Nawafundisha."

"Unawafundisha nini?" Mchumi aliruka. "Kuandika majina yetu?"

"Historia. Kitu kimoja ninachokijua. Chuo chao cha maofisa kiliniomba, tena somo walilichagua wenyewe: watu wa idara kama yao, katika nchi zilizobadilika, waliishia wapi. Nani alifungwa, nani alikimbia, nani alibaki na pensheni yake na bustani. Wanasikiliza, jamani! Chuoni kwangu watoto wanalala. Pale mtu akikohoa, wenzake wanamgeukia."

"Tangu lini?" Mtakwimu aliuliza.

"Kabla ya kofia. Siku nilipochomoa kikaratasi cha mkuu wao nusura nianguke chini."

"Na kwa nini hukutuambia?"

"Mngenitoa. Na msingejua habari ya nyumba. Mlidhani nimetunga yale magodoro? Alisimama mtu mzima, ana mvi, akasema hivyo hivyo, na darasa zima likatazama sakafu." Alimgeukia Mchumi. "Juu yenu sijasema neno. Hawajaniuliza."

"Hawajauliza, au wanajua tayari?"

"Hilo sijui. Nikisema najua nitakuwa mwongo."

Jaji alikuwa na swali ambalo hakulipanga. Lilimjia pale pale. "Umewahi kuwasomea sura yangu?"

Chini, redio ilikuwa ikitangaza hali ya hewa. Shemeji aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Siyo sura. Yale masharti tu."

"Ukasema ni ya nani?"

"Nikasema ni ya nchi moja ya mbali. Yenye baridi."

Mama Miwani aliponyokwa na kicheko, akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Mnacheka!" Shemeji alisimama. "Utaandika sheria ya kuwachuja watu bila kumwuliza hata mmoja wao? Huo ni utafiti? Hapa tunaye mkuu wa kuigiza. Mimi nilikuwa na darasa zima la wa kweli, wamekaa mbele yangu na kalamu mkononi. Nani kati yenu angeweza kunyamaza? Wewe, Mtakwimu, ungepewa watu kama hao usingewauliza?"

Mtakwimu alitazama mikono yake.

"Wakayapokeaje?" Jaji aliuliza.

Neno lilikuwa limeshatoka. Mchumi alimgeukia kama mtu aliyemwona mwenzake akivua viatu msikitini kwa nia ya kuiba vya jirani.

"Maswali yao yalikuwa mazuri kuliko yetu," Shemeji alisema kwa sauti ya chini. "Sharti la mshitaki kutoamua, walitaka lirudiwe mara mbili. Waliliandika."

Mchumi alisema inatosha. Huyu amebeba maandishi ya kundi na kuyaweka mezani mwa Idara. Kama hakusema jina, mtindo umesema. Apigiwe kura sasa hivi, na baada ya kura asitoke. Chumba cha lenzi, ghala dogo la duka, kina komeo. Akae humo mpaka wageni waje na waondoke, chakula atapelekewa.

"Chumba cha lenzi kina lenzi," alisema Mama Miwani. "Sitaki mtu alale juu ya mtaji wangu."

"Siyo mzaha, Mama!"

"Nani anafanya mzaha? Unataka kumfungia mtu ndani ya nyumba yangu bila hati, kesho uniandikie sura ya haki za raia?"

"Akifungwa yeye," Jaji alisema, "mimi naingia naye. Na kesho wageni utawaeleza wewe." Hakupandisha sauti. "Kuna jambo moja lililothibitika, na amelikiri. Alificha uhusiano na Idara. Madhara hatuyajui. Sharti la mwisho halihitaji madhara. Amueni kwa hilo, msiamue kwa lingine."

Alijua alichokuwa akikisema. Mwaka dada yake alipokuwa kitandani, mtu huyu alikuwa akilala sakafuni wodini ili yeye, Jaji, alale kwenye benchi. Alilitaja jambo hilo moyoni, akaliweka kando kama ushahidi usiohusika.

Mtakwimu alisema aondoke. Mama Miwani naye akasema aondoke, lakini kwa mguu wake, asifungiwe popote.

"Nani aliliandika hilo sharti la kuficha?" Shemeji aliuliza.

"Mimi," Jaji alisema.

"Ni baya." Aliufungua mlango. "Lakini lina akili."

Hakuaga. Walimsikia akishuka ngazi, akichukua simu yake kwenye droo, kisha kengele ya mlango.

Jumamosi, saa nne asubuhi, mhandisi wa umeme alifika wa kwanza, mwanamke aliyeshika mkoba kwa mikono miwili. Mkuu wa matangazo alifuata, akajaribishwa fremu kweli kweli kwa sababu palikuwa na mteja dukani. Mchumi alisimama dirishani akitazama mtaani kupitia upenyo wa pazia. Kila gari lililopunguza mwendo lilimfanya anyamaze katikati ya sentensi. Jaji hakuwa amelala. Alikuwa amefanya hesabu zote anazozijua, na kila hesabu ilimrudisha kwenye jambo moja: alikuwa amemwacha mtu mwenye hasira, anayejua saa na mahali, aende zake.

Kanali alikuwa wa mwisho. Alivaa kiraia, lakini viatu viling'aa mno. Mama Miwani alipanda nyuma yake akiwa amekunja uso.

"Simu yake amekataa kuiacha," alimnong'oneza Jaji. "Kasema inakaa naye."

"Shemeji yangu, karibu, keti," Mchumi alisema, akimvutia kiti.

Kanali hakuketi. Alizipitia nyuso za waliokuwa chumbani. "Mwalimu hayupo?"

"Mwalimu gani?"

"Wa historia. Wa Alhamisi."

Mchumi alibaki ameshika kiti. "Wewe unasoma Alhamisi?"

"Jeshi linapeleka watu pale. Mimi nakaa nyuma kabisa." Kanali alisema kama mtu anayetoa taarifa ya ghala. "Alitusomea masharti ya nchi ya baridi. Mimi nilikaa nchi ya baridi mafunzoni, sijasikia habari hiyo. Siku chache baadaye wewe ukaanza kunizungukazunguka na mambo yako ya mpango. Nikajumlisha. Nisingekuja kwa ajili yako, shemeji, unisamehe. Nimekuja kwa ajili ya yale masharti. Yeye yuko wapi?"

Jaji aliona kwamba kama huyu alijumlisha, na wengine darasani wangeweza kujumlisha. Aliona pia kwamba mtu akitaka kuwakamata wote kwa pamoja angeuliza swali hili hili.

"Tulimtoa jana," alisema.

"Amekwenda wapi?"

"Nyumbani kwake. Kwa mguu wake."

"Kosa?"

"Alituficha kwamba anawafundisha ninyi."

"Nani alisema?"

"Mimi nilimwona. Yeye akakiri."

"Alisikilizwa?"

"Kwanza alisikilizwa, ndipo ikaamuliwa. Aliyemshitaki hakuamua. Wala mimi."

"Hayo ni maneno yako."

"Ni maneno yangu."

Kanali aliitoa simu mfukoni, akabonyeza, akaiweka mezani huku sauti ikiwa wazi. Mhandisi aliinuka nusu. Mchumi alinyoosha mkono kuizuia, kanali akamtazama, mkono ukarudi.

"Halo?" Ilikuwa sauti ya Shemeji, na nyuma yake maji yalikuwa yakimwagika.

"Mwalimu. Uko wapi?"

"Nani mwenzangu?"

"Kiti cha nyuma kabisa."

Maji yalifungwa. "Niko nyumbani. Nafua."

"Uko peke yako?"

"Niko na mashuka."

"Wamekutoa?"

"Wamenitoa."

"Wamekuonea?"

Jaji aligundua kwamba hakujua jibu litakuwa lipi, na kwamba hakuna kitu alichokisoma au kukiandika kilichoweza kumsaidia kulijua.

"Hapana," Shemeji alisema. "Nina hasira nao, hasa na shemeji yangu, na akinipikia mwezi mzima sitakula. Lakini kunionea, hapana. Wameniuliza, nimejibu, nimerudi nyumbani."

"Haya, Mwalimu. Endelea kufua."

Kanali alikata simu. Mazungumzo hayakufika dakika moja. Kama palikuwa na sikio jingine kwenye laini, hapakuwa na namna ya kulijua. Aliizima simu, akairudisha mfukoni, akavuta kiti kilichokuwa karibu zaidi na mlango, akaketi.